Je, wajua kwa nini gari la kale hukatwa maksi kwa kung'aa kupita kiasi?

Corvette ya mwaka 1965, gari la michezo la Kimarekani, inaweza kufikishwa mbele ya majaji wa magari ya kale ikiwa na rangi laini kama kioo, chasi inameta hadi uvunguni, na bado ikakatwa maksi. Kosa lake ni uzuri uliozidi. Chama cha wakarabati wa Corvette, National Corvette Restorers Society, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1974, kina kipimo kimoja: je, gari lilitoka kiwandani likiwa hivi? Ukilipendezesha kuliko lilivyotoka, umelibadilisha.

Kiwandani St. Louis, Missouri, kazi ilikuwa ya kukimbizana na wakati. Bodi ya faibaglasi ilipigwa laka ya akriliki, bila ile klia, rangi angavu ya juu inayopakwa magari ya leo. Paneli za nje zilipigwa polishi, lakini sehemu za kujificha, kama fremu za milango, ziliachwa zilivyotoka kwenye bunduki ya rangi. Kwenye chasi kulikuwa na namba za kipuri na michoro ya chaki ya wakaguzi. Fundi makini huanza kwa kupiga picha, kisha huosha uchafu taratibu kwa mkono, maana akiwahi kuikwangua chasi kwa mashine ya kupuliza mchanga, ushahidi wote umekwenda. Baadaye alama hizo huzirudisha mahali pake, na fremu za milango haziongezei polishi.

Ila rangi hurudiwa. Kisichorudi ni chuma.

Mbele ya bloku ya injini, upande wa abiria, kabla tu ya kufika silinda hedi (kifuniko cha juu cha bloku), kuna kipande kidogo bapa. Hapo ndipo kiwanda kiligonga namba za injini na, kuanzia mwaka 1960, namba ya mfululizo ya gari lenyewe. Ukimulika tochi kwa pembeni utaona mistari myembamba sana inayokwenda sambamba kutoka mbele kwenda nyuma. Iliachwa na mashine iliyosawazisha uso wa bloku kabla namba hazijagongwa. Sasa injini hiyo ikipelekwa karakana na uso wa bloku ukachongwa upya, kama ilivyo kawaida injini inapofunguliwa, namba na mistari hufutika pamoja. Kugonga namba upya ni rahisi, na wapo wanaofanya hivyo ili injini ionekane ndiyo ile gari lililotoka nayo kiwandani, wauze kwa bei ya juu. Kuiga mistari ile ndiko kugumu, ndiyo maana mkaguzi huitazama kabla hajasoma namba.

Hata namba zikisomeka sawa, nyuma ya bloku kuna tarehe ambayo chuma chake kilimiminwa kwenye kalibu: herufi ya mwezi, A ikiwa Januari, halafu siku, halafu tarakimu ya mwisho ya mwaka. C 14 5 ni tarehe 14 Machi 1965. Gari lililounganishwa Februari mwaka huo haliwezi kuwa lilizaliwa na bloku hiyo, hata mwenyewe aape.

Kwa maoni yangu, fundi wa kweli utamjua kwenye maagizo anayotoa injini inapokwenda karakana. Huandika kwa herufi kubwa kwamba kile kipande kisiguswe, na kama uso umepinda kiasi cha kulazimu kuchongwa, hutaka kupigiwa simu kwanza.