Mtu-mbwamwitu mwenye akili timamu hajazaliwa kwenye intaneti

Juzi nimepeleka baiskeli kuziba pancha hapa Ngamiani, Tanga, fundi kazamisha tyubu kwenye beseni anatafuta mapovu, mimi nasoma simu nacheka peke yangu, akauliza dada kulikoni. Nikamwambia nasoma hadithi ya kijana anaegeuka mbwa mwitu usiku alafu bado anawaza ada ya mdogo wake. Fundi akaguna. "Hao mmewalainisha nyie watoto wa intaneti, yule wa ukweli akishageuka akili inakata, anatafuna hata mama ake."

Na sio yeye tu, kila nikisema naandika fanfiksheni (yani shabiki anachukua wahusika wa kazi ya mtu mwingine anawatungia visa vyake) lazima nikutane na haya maneno, kwaiyo leo ngoja niyatoe moyoni.

"Wenye akili na huruma wamebuniwa juzijuzi."

Juzi gani? Karne ya 12 kuna mwanamke anaitwa Marie de France, mshairi, ana utenzi unaitwa Bisclavret. Bwana mmoja wa Brittany, huko Ufaransa, mtu wa heshima zake, kila wiki anapotea siku tatu, mkewe anambana mpaka anakiri: naingia msituni nageuka, nguo zangu naficha kwenye jiwe lenye uwazi karibu na kanisa bovu, na nikizikosa ndo basi sirudi tena kuwa mtu. Mke nae haraka akamtuma mwanaume aliekuwa anamtaka siku nyingi akazichukue, wakaoana. Mwaka umepita, mfalme anawinda, mbwa wamemzunguka yule mnyama, badala ya kung'ata akakimbilia mguu wa mfalme akaubusu. Mfalme akasema huyu ana akili ya mtu, akaenda kuishi nae, analala katikati ya askari hamgusi mtu yeyote, mpaka siku alipomuona yule mume mpya, na baadae yule mke, huyo akamng'oa pua.

Sasa sehemu ninayoipenda mimi ni hii. Nguo zimepatikana, wanamuwekea mbele, wala hazitazami. Watu wanashangaa. Mzee mmoja mwenye busara akawaambia jamani, huyu anaona haya, hawezi kugeuka mbele za watu, mpelekeni chumbani mfunge mlango. Wakampa stara, baadae mfalme anaingia anamkuta mtu amelala kitandani. Yani ana manyoya mwili mzima na bado anataka stara! Mtu wa Tanga hiyo haihitaji kutafsiriwa.

Na hayuko peke yake, karne hiyohiyo mwandishi mmoja, Gerald wa Wales, kaandika kuhusu Ireland, kuna mbwa mwitu anamfata padri usiku njiani, anaongea kabisa, anamwomba aje kumpa mwenzake wa kike sakramenti maana anakufa. Huyo ndo mnyama asie na akili?

"Mwezi mpevu na risasi ya fedha ni mila ya kale."

Mwezi upo kidogo kwenye visa vya zamani, mwandishi wa Kirumi Petronius anao. Lakini hii sheria ya kwamba kila mwezi ukijaa lazima ugeuke, na madini ya fedha ndo yanamuua, iliyoikaza kichwani mwa watu ni sinema za Hollywood za miaka ya 1940, The Wolf Man ya 1941 na zilizofatia. Bisclavret hana habari na mwezi, yeye ratiba yake siku tatu tu.

"Kundi lina alfa (yani mbabe mkuu), anapiga wote, ndo asili ya mbwa mwitu."

Hapa nawasema wenzangu waandishi, tumejaza alfa mpaka inakera. Hiyo habari imetokana na mbwa mwitu waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama Basel, Uswisi, mtafiti Rudolf Schenkel akaandika mwaka 1947. Ukiweka wageni watupu kwenye uzio mmoja watagombana, hata sisi kwenye foleni ya maji tunagombana. Mtafiti mwingine, David Mech, ambae kitabu chake cha 1970 kiliisambaza hiyo picha, mwaka 1999 akaandika kusahihisha: kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Familia. Kwaiyo "alfa" wako ni baba tu anarudi na kitoweo.

"Hii mambo ya wazungu, huku haituhusu."

Mbwa mwitu wa Ulaya huku hayupo, sawa. Ila wa kwetu, wale wenye mabaka, ambao hifadhi ya Mkomazi (sehemu yake iko mkoani kwetu) waliwazalisha na kuwaachia porini, jina lao la kisayansi ni Lycaon pictus, na Lycaon ni mfalme wa Kigiriki kwenye hadithi aliegeuzwa mbwa mwitu na Zeus. Yani mnyama wetu kabeba jina la mtu-mbwamwitu! Na wana utu kuliko alfa wenu, kwenye windo watoto wanakula kwanza, na waliobaki shimoni wanaletewa nyama tumboni wanatapikiwa.

Alafu mnasahau fisi. Bibi yangu anasema mchawi akigeuka fisi akili haimtoki hata chembe, ndo ubaya wenyewe, anajua mlango wa nani na kwanini. Kwaiyo mnyama akili sifuri ndo mgeni hapa, kaja na muvi za kwenye kibanda umiza, huyu mwenye akili tumelala nae uani miaka yote, kilichokosekana ni wa kumuonea huruma tu.

(Fanfiksheni ni wizi? Marie mwenyewe anasema visa vyake ni vya Wabretoni, watu wa hiyo Brittany. Tuendelee.)

Sa hivi naandika wangu, kijana wa hapahapa, kanzu yake anaificha mapango ya Amboni, mkewe anatuma mtu akaibe. Nikamsomea bibi, akanikatisha. "Mjukuu wangu, nguo iliyoachwa pangoni Amboni nani ataigusa? Si watasema ya tambiko." Hadithi nzima imekwama hapo, natafuta pa kumfichia kanzu.