Eti kuuza mbao nje mpaka uwe kampuni kubwa?

Hapa Mwanza ukipita yadi za mbao, iwe Igoma au Buhongwa, wimbo ni huohuo, soko la nje ni la wenye viwanda vikubwa, sisi wadogo tubaki na mafundi wa mjini. Jamani siyo kweli. Ukubwa unasaidia, maana kontena la futi 40 unalijaza fasta na hasara ya mzigo mmoja haikufungishi yadi, ila tafiti za kampuni zinazouza nje miaka yote zinagongana kuhusu ukubwa, kinachojirudia sana ni bosi mwenyewe, kadhamiria kiasi gani, kamweka mtu wa kuhangaika na wateja wa nje tu au anangoja soko la hapa lidode ndo aikumbuke Uganda.

Halafu kuna hii ya "mbao nzuri inajiuza". Ipi, hiyo iliyopasuliwa jana? Paini mbichi inaweza kubeba maji yenye uzito kuliko mbao yenyewe ikikauka, kwa hiyo unasafirisha maji mpaka bandari ya Port Bell, Uganda, na mzigo unafika umepinda, wakati mtengeneza fenicha anataka unyevu wa kama asilimia 8 hadi 12, ambao kwa kuanika tu huku kando ya ziwa ni shughuli kuupata, unahitaji tanuri la kukaushia mbao na kimashine cha kupimia unyevu. Na saizi! Chukua 2x4 kadhaa kwenye rundo moja uzipime, hii inchi mbili kamili, hii imepungua robo, hii nene huku nyembamba kule kwa sababu msumeno ulikuwa unayumba. Mteja akiziingiza kwenye randa zikamsumbua, hakupigii tena.

Ukongwe nao usikudanganye, miaka 20 ya kuuza mtaa uleule siyo uzoefu wa nje.

Wengine wanategemea bei ya chini. Ila ukitaka soko la Ulaya, sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inataka ijulikane mti ulikatwa eneo gani hasa, na pasiwe msitu uliofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, sasa kama hukutunza vibali vya TFS (wakala wa misitu wa serikali) tangu shambani, uwe umenunua shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi au Rubya kule Ukerewe, hata ukishusha bei vipi haikusaidii.

Wadogo watatu wanne wanaweza kuungana, wakakubaliana saizi moja na kuchangia tanuri. Ila mmoja akichomeka mbao mbichi katikati ya bunda mmeharibikiwa wote, kwa hiyo mkaguzi awe mmoja na asiwe ndugu wa mwenye mzigo.