Mtoano wa NHL: kinara wa ligi anapotolewa mapema

Sisi wa soka tumezoea hesabu moja: ligi ikiisha, aliye juu ya msimamo ndiye bingwa. Simba au Yanga akimaliza na pointi nyingi kuliko wote, kombe ni lake. Kwenye NHL, ligi kubwa ya hoki ya barafuni inayochezwa Marekani na Kanada, kuongoza msimamo hakukupi ubingwa. Kinara hupewa zawadi iitwayo Presidents' Trophy, ambayo ilianza kutolewa msimu wa 1985–86, lakini bingwa ni anayebeba Stanley Cup, na hilo hupatikana kwenye mtoano.

Timu ziko 32, kila moja hucheza mechi 82. Timu 16 huingia mtoano, na hapo pointi zote zinabaki historia. Timu mbili hupambana zenyewe kwa zenyewe mpaka mmoja afikishe ushindi wa nne, kwa hiyo zinaweza kukutana hata mara saba. Raundi ni nne. Anayetaka kombe lazima ashinde mechi 16. Kinara anachofaidi ni kwamba mechi ya saba, ikifika, inachezwa kwake.

Boston Bruins wanajua faida hiyo ni ndogo kiasi gani. Msimu wa 2022–23 walishinda mechi 65 na kukusanya pointi 135, rekodi ya ligi kwa yote mawili. Raundi ya kwanza wakapangiwa Florida Panthers, waliopenya kwa pointi 92. Boston wakaongoza 3–1. Ulibaki ushindi mmoja tu. Wakapoteza mechi ya tano, ya sita, kisha Aprili 30 ikaja ya saba, mbele ya mashabiki wao. Walikuwa mbele 3–2 hadi ikabaki kama dakika moja, Brandon Montour akasawazisha. Muda wa nyongeza, Carter Verhaeghe akafunga. Msimu umekwisha.

Tampa Bay Lightning yaliwakuta mabaya zaidi mwaka 2019: pointi 128 kwenye ligi, halafu wakafungwa mechi nne mfululizo na Columbus Blue Jackets.

Mashabiki husema ni laana. Mimi naona hesabu tu. Mechi 82 zinasawazisha bahati; mechi saba hazitoshi. Mabao ya hoki ni machache, na kipa mmoja akiamka vizuri kwa wiki mbili anaweza kuizima timu iliyowatesa wengine tangu Oktoba. Mpinzani naye ni yuleyule kila baada ya siku mbili, kwa hiyo makocha wanapata nafasi ya kusoma udhaifu wako na kuushambulia. Halafu kuna majeruhi: nahodha wa Boston, Patrice Bergeron, alikosa mechi nne za kwanza za raundi ile. Hata muda wa nyongeza hubadilika. Kwenye ligi hauzidi dakika tano, tena wachezaji watatu kwa watatu, kisha penalti. Kwenye mtoano hakuna penalti. Mnacheza timu kamili mpaka bao liingie, hata iwe usiku wa manane.

Kati ya 1986 na 2025, kinara wa ligi alibeba Stanley Cup mara nane tu. Wa mwisho ni Chicago Blackhawks, mwaka 2013.