Udongo unapochoka: maana ya jaribio la mzigo wa kurudiarudia

Maji yakipwa Tudor, mkono wa bahari wa Mombasa, teremka kwenye tope la mikoko, uchague mahali pamoja pa kukanyaga. Mara ya kwanza tope linakubeba. Ukikanyaga palepale mara ya ishirini linakuwa uji, mguu unazama hadi kifundo. Uzito wako ni uleule. Kilichobadilika ni tope. Jaribio la mzigo wa kurudiarudia hupima badiliko hilo kwa tarakimu, kabla mtu hajasimamisha nguzo.

Udongo wa mfinyanzi ni chembe bapa, ndogo kuliko milimita 0.002, na maji katikati yake. Ukiulemea, maji hutaka kutoka, ila vinjia ni vyembamba mno. Tabaka nene linaweza kuchukua miaka kuyatoa. Sasa mzigo ukija na kuondoka upesi upesi, maji yanabaki humo humo, na kila pigo linaacha shinikizo kidogo juu ya lile lililotangulia. Shinikizo likipanda, chembe hazikamatani tena kama mwanzo. Udongo unalegea polepole chini ya mzigo ambao, ungeletwa mara moja tu, usingeutikisa.

Si kila kiwanja Mombasa kinahitaji haya. Kisiwani sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe, na mwenye kujenga nyumba ya kawaida juu yake asikubali kuuziwa jaribio hili. Habari hubadilika ukivuka kwenda Changamwe na Miritini, ambako mwamba laini wa shale umeoza ukawa udongo, na zaidi kwenye mikono ya bahari yenye tope. Hapo ndipo yanapopita mapigo yasiyokwisha. Treni ya mabehewa 50, kila behewa ekseli 4, ni mapigo 200 kwa safari moja. Winchi za bandarini, mawimbi na meli zinazoegemea gati nazo zina hesabu zake.

Watu wa maabara huchukua kipande cha udongo, mara nyingi chenye upana wa milimita 50 na urefu wa 100, wakakivisha mpira mwembamba na kukitia ndani ya chombo cha maji. Kwanza hubanwa kwa shinikizo lililokuwa likikibana kule ardhini. Kisha fimbo inakisukuma na kukivuta. Kwa kuiga mawimbi, pigo moja huchukua kama sekunde 10, kwa hiyo mapigo 1,000 ni karibu saa tatu za kutazama mistari miwili ikipanda: shinikizo la maji, na mgeuko wa umbo. Jaribio hili huitwa traiaksia. Lipo pia la kuisukuma sampuli kwa ubavu. Sampuli moja haitoshi. Kila moja hupewa nguvu tofauti, ndipo unapopata mchoro wa kusema: kwa nguvu hii udongo utashindwa baada ya mapigo 10, kwa ile baada ya 1,000.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba udongo huu, ukipigwa haraka, huwa na nguvu zaidi kuliko ukisukumwa taratibu. Kasi ikiongezeka mara kumi, nguvu hupanda kwa takriban asilimia 10. Pigo la kwanza linaweza kukudanganya kwamba mambo ni mazuri. Pia kuna kizingiti: mapigo madogo mno hayaachi alama hata yakirudiwa mchana kutwa, na kwa kawaida udongo wenye unato mwingi una kizingiti cha juu zaidi. Tena tope laini likipumzishwa, maji yakatoka, linaweza kurudi gumu kuliko lilivyoanza. Ndiyo maana ripoti inayotoa nambari moja tu ya “nguvu ya udongo” kwa ajili ya gati naiona nusu ya kazi. Mhandisi anataka kujua mapigo mangapi, makubwa kiasi gani, na mapumziko yake ni ya muda gani.

Na anataka kujua sampuli ilifikaje. Ikiwa bomba la sampuli lililozibwa nta lilitupwa nyuma ya pikapu na kupitishwa kwenye mashimo, udongo umeshapigwa mapigo yake kabla mashine haijawashwa.