Kwa nini mama mweusi aliyezaliwa Afrika hujifungua mtoto mzito kuliko mama mweusi aliyezaliwa Marekani?

Mtoto akizaliwa na chini ya gramu 2,500, huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Kipimo hiki hakikuwekwa bure: watoto wa namna hiyo wako katika hatari kubwa zaidi ya kufa kabla ya kutimiza mwaka. Nchini Marekani, kwa miongo mingi sasa, wanawake weusi wamekuwa wakijifungua watoto hao kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wanawake weupe. Umaskini unaeleza sehemu tu ya pengo hilo, kwa sababu lipo hata kati ya wanawake weusi na weupe waliomaliza chuo kikuu.

Ndipo baadhi ya watu wakasema: basi ni damu. Wanawake weusi wana vinasaba vyao, yaani chembe za urithi, kutoka Afrika.

Uzuri wa hoja hii ni kwamba inapimika. Wamarekani weusi wengi wana mababu wa Ulaya pia, urithi wa karne za utumwa na yaliyofuata. Kama vinasaba vya Afrika ndivyo vinavyopunguza uzito, basi mwanamke aliyetoka Afrika moja kwa moja, asiye na mchanganyiko huo, ndiye angejifungua mtoto mwepesi kuliko wote.

Madaktari wawili wa watoto wachanga wa Chicago, Richard David na James Collins, waliingia kwenye kumbukumbu za vizazi vya jimbo la Illinois za kuanzia 1980 hadi 1995, wakachapisha matokeo mwaka 1997. Watoto wa wanawake weupe waliozaliwa Marekani walikuwa na wastani wa gramu 3,446. Wa wanawake weusi waliozaliwa Marekani, gramu 3,089. Na wa wanawake waliozaliwa Afrika? Gramu 3,333. Yaani wageni kutoka Afrika walikuwa karibu zaidi na wanawake weupe kuliko na wanawake weusi wenzao wa hapo hapo Illinois. Hoja ya damu ilitabiri kinyume kabisa.

Msomaji mkali atauliza: je, si kwamba wanaosafiri ndio wenye afya? Swali la haki. Safari ya kuvuka bahari huchuja watu. Mgonjwa hubaki nyumbani, na anayepata viza mara nyingi ana elimu na uwezo fulani. Watafiti wa uhamaji wanaijua vizuri hali hii, na imewatega wengi waliolinganisha wahamiaji na wenyeji wao. Hata hivyo David na Collins walipozingatia elimu, umri na mambo mengine ya mama, pengo lilipungua lakini halikuisha.

Kipande ninachokiona kizito zaidi kilikuja mwaka 2002, David, Collins na mwenzao walipofuatilia familia za Illinois kwa vizazi. Kwa kawaida binti hujifungua mtoto mzito kidogo kuliko alivyozaliwa yeye, na ndivyo ilivyokuwa kwa mabinti wa wahamiaji kutoka Ulaya. Kwa mabinti wa wanawake weusi waliotoka Afrika na Karibi, mambo yaligeuka: watoto wao wa kike walizaliwa wepesi kuliko mama zao. Vinasaba vya ukoo havibadiliki kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni kwamba mama huyu alikulia Marekani akiwa mweusi, ilhali bibi wa mtoto hakukulia huko.

Kukulia huko kunaufanyaje mwili? Mtafiti Arline Geronimus alipendekeza mwaka 1992 kwamba mwili huchakaa mapema. Alikuwa ameona jambo la ajabu: kwa wanawake weupe, kuzaa katika umri wa miaka ya ishirini ni salama zaidi kwa mtoto kuliko kuzaa katika ujana wa mapema, ilhali kwa weusi hatari huanza kupanda mapema mno. Mwili unaoishi kwenye tahadhari kila siku humwaga homoni za msongo kama kotisoli, shinikizo la damu hupanda, na ujauzito ukija hukuta mwili umeshachoka.

Anayeona hili ni nadharia tupu atazame California. Mtafiti Diane Lauderdale alichunguza vyeti vya kuzaliwa vya miezi sita baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, akavilinganisha na vya kipindi kama hicho mwaka uliotangulia. Wanawake wenye majina ya Kiarabu, waliokuwa wakibughudhiwa na kutiliwa shaka wakati huo, walijifungua watoto njiti na wenye uzito pungufu kwa wingi zaidi. Katika makundi mengine aliyoyachunguza, hali haikuwa hivyo. Na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliowapa hata watoto wao majina ya Kiarabu.