Nyota mwenza ni nini, na hufanya nini?

Usiku usio na mbalamwezi, simama ufukweni hapa Mwanza utazame taa za wavuvi wa dagaa. Kuna wakati taa mbili zinalala mstari mmoja na jicho lako, ukaona moja tu, kumbe mtumbwi mmoja uko karibu na wa pili uko mbali huko kuelekea Ukerewe, na wenyewe wala hawajuani. Angani pia zipo nyota zilizokaribiana machoni tu. Hizo si wenza. Nyota mwenza ni ile iliyofungwa na nyingine kwa nguvu ya uvutano, zikawa zinazungukana.

Wengi hudhani ndogo huizunguka kubwa iliyotulia. Shikana mikono na mtoto mzunguke: yeye anakimbia duara pana, wewe unapiga hatua fupifupi, lakini hata wewe husimami. Mnazunguka sehemu iliyo kati yenu, karibu zaidi na aliye mzito. Basi nyota mzito naye huyumba, na kuyumba huko ndiko kulikomfichua mwenza wa Shira, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, ambayo wengi huijua kama Sirius. Mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Bessel alieleza kuwa mwendo wake hauendi sawa, hivyo kuna kitu kisichoonekana kinaivuta. Mwaka 1862 Mmarekani Alvan Graham Clark, akijaribu darubini mpya, akakiona: kinukta hafifu pembeni. Ni kibete nyeupe, yaani kiini cha nyota iliyokwisha kufa. Ukubwa wake unakaribia wa Dunia, uzito wake unakaribia wa Jua. Hao wawili humaliza mzunguko mmoja kwa miaka 50. Mwishoni mwa Februari, saa 3 usiku, Shira huwa karibu na utosi hapa kwetu, ila mwenza wake kwa macho matupu humwoni.

Hapo wapo mbali kiasi, kwa hiyo ni kuyumbishana tu. Wakisogeleana sana, mambo hugeuka.

Mwanzoni mwa Januari, saa hiyohiyo, elekeza uso ziwani, kaskazini. Kuna nyota ambayo Waarabu waliiita Rasi ya Ghuli, kichwa cha zimwi. Wazungu wakalifupisha jina likawa Algol. Kila baada ya siku 2 na karibu saa 21 hufifia kwa saa kadhaa, kisha hurudia mwanga wake, kwa sababu mwenza hafifu hupita mbele yake. Ni kupatwa, kama Jua linavyopatwa.

Lakini mimi kinachonivutia zaidi ni umri wao. Nyota nzito humaliza nishati yake haraka, huzeeka kwanza. Kwenye Ghuli, aliyezeeka ni yule mwepesi! Jibu lake ni kwamba zamani mwepesi huyo ndiye aliyekuwa mzito. Alipozeeka akavimba, gesi yake ya nje ikavuka mpaka wa mvuto wake mwenyewe, ikamwagikia jirani. Urithi umegawanywa mwenye mali akiwa hai, na mrithi amempita kwa utajiri. Anayepokea akiwa kibete nyeupe, hatari ni kubwa zaidi: uzito ukikaribia mara 1.4 ya Jua anaweza kulipuka asibaki kitu.

Na wakiwa watatu? Wakikaa kwa umbali unaolingana, huvurugana hadi mmoja arushwe nje. Kinachodumu ni wawili kukaa pamoja na wa tatu kuwazungukia kwa mbali. Rijili Kantori, inayong'aa upande wa kusini jioni za Juni, ndivyo ilivyo: wawili huzungukana kwa takriban miaka 80, wa tatu, Proxima, humchukua zaidi ya miaka 500,000 kuwazunguka mara moja. Baada ya Jua, Proxima ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote, miaka ya nuru 4.24 tu, yaani nuru yake hutufikia kwa miaka 4.24, na bado bila darubini huioni.