Mafuta yaliyokaangia chipsi si biodizeli: maelezo kwa wenye pikapu

Dawati letu la malalamiko limekuwa likipokea watu wengi ambao pikapu zao zimezima njiani, na karibu wote huanza na kauli moja: "Niliweka biodizeli." Tunachukua sampuli kwenye tangi, tunapima, tunakuta mafuta ya kula yaliyokwisha kukaangia chipsi na kuchujwa kwa kipande cha kanga. Ndugu wananchi, hiyo si biodizeli. Ni mafuta ya chipsi yaliyohamishiwa kwenye gari.

Tofauti yake si ya jina tu. Kwenye nyuzi joto 40, mnato, yaani uzito wa kutiririka, wa dizeli ya kawaida ni kati ya 2 na 4.5 kwa kipimo cha milimita za mraba kwa sekunde. Biodizeli inayokidhi kiwango cha Ulaya cha EN 14214 iko kati ya 3.5 na 5. Mafuta ya mimea ghafi yanavuka 30. Noseli iliyotengenezwa kunyunyiza ukungu mwembamba inalazimishwa kutema matone mazito, matone hayaungui yote, na masalia yanageuka masizi juu ya pistoni au yanateremka kwenye oili. Kinachoondoa huo uzito ni kuyachanganya mafuta na methanoli, aina ya alkoholi, pamoja na kichocheo, yakatengana na gliserini, kimiminika kizito kinachobaki, kisha yakaoshwa na kukaushwa. Hapo ndipo yanakuwa biodizeli. Kitambaa hakifanyi kazi hiyo, hata ukikikunja mara nne.

Najua jibu linalofuata, maana naambiwa kila wiki: "Mbona huyo Rudolf Diesel mwenyewe, aliyebuni injini ya dizeli, aliendesha injini kwa mafuta ya karanga?" Ni kweli kwamba kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ndogo ya kampuni ya Otto iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ilikuwa injini ya kusimama mahali pamoja, ya zama zile. Hilux ya leo inasukuma mafuta kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,500 kupitia vitundu ambavyo macho hayavioni. Tuache kulinganisha.

Sasa kwa mwenye biodizeli halisi. Pikapu ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, yenye pampu ya kizamani isiyo na kompyuta, huvumilia mengi kuliko magari mapya. Hata hivyo mpira wa asili kwenye mabomba na sili zake hulainika na kuvimba ukikaa na biodizeli tupu, kwa hiyo mwombe fundi akubadilishie kwanza. Magari mapya yasikilize kitabu chake. Dizeli ya Ulaya, kwa kiwango cha EN 590, inaruhusiwa kuwa na biodizeli hadi asilimia 7. Kwingine mchanganyiko wa asilimia 20 hutumika kwa injini zilizoidhinishwa. Zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi zina shida ya ziada: mafuta yanayonyunyizwa kukisafisha kichujio hicho huvujia kwenye oili, na biodizeli haivukizwi kirahisi kama dizeli, inabaki humo. Filta ya mafuta nayo itaziba mapema baada ya tangi la kwanza au la pili. Hiyo si hujuma ya muuzaji. Biodizeli inang'oa uchafu uliolala tangini miaka kumi. Badilisha filta, endelea.

Kuna jambo moja ambalo hata wauzaji waaminifu hawalisemi. Juni iliyopita ililetwa kwetu pikapu ya mfanyabiashara wa viazi kutoka Makambako, imevutwa kwa kamba. Alinunua madumu mawili ya biodizeli ya mawese Dar es Salaam, inatiririka kama maji, akapanda nayo. Alfajiri ya pili gari ikakataa kuwaka. Fundi alipofungua filta alitoa kitu cheupe kama samli iliyolala nje. Tulikiweka kwenye sahani dirishani. Ilipofika saa nne, jua limeshapanda, kilikuwa majimaji tena. Maabara ikapima: mafuta safi kabisa, hayana kasoro. Biodizeli ya mawese huanza kuganda kwenye nyuzi joto 13 hadi 16, na nyanda za juu kusini usiku wa Juni hushuka chini ya 10. Malalamiko yake dhidi ya muuzaji hayakusimama. Alikasirika, na sikumlaumu sana.

Nije kwenye sheria, ambako ndiko watu wanakokwama. Methanoli ni kemikali ya viwandani, na kwa Tanzania Bara iko chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anayeiagiza, kuihifadhi, kuisafirisha au kuitumia anatakiwa asajiliwe na awe na kibali. Kibali cha jirani si kibali chako. Stakabadhi ya duka si kibali. Barua ya mwenyekiti wa mtaa, ambayo nimeletewa zaidi ya mara moja ikiwa na mhuri mzuri kabisa, pia si kibali. Biashara ya mafuta ya petroli, pamoja na dizeli unayokusudia kuchanganyia, iko chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, na leseni inatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Aliye Zanzibar aende ZURA, mamlaka ya huko ya udhibiti wa huduma hizo. Kufanya biashara hiyo bila leseni ni kosa la jinai, na kauli ya "nilikuwa najaribu tu" haifuti kosa. Kabla ya kumwuzia mtu hata lita moja, njoo uulize. Kuuliza hakutozwi.

Na wanaotengeneza biodizeli jikoni kwa methanoli: mwali wa methanoli mchana hauonekani. Mvuke wake unadhuru, inapenya kwenye ngozi, na kiasi kidogo kikinywewa kinapofusha au kuua. Sitatoa vipimo vya mchanganyiko hapa, msinipigie simu kuviomba. Gliserini inayobaki ina methanoli ndani yake, isimwagwe mtaroni.

Ukishanunua biodizeli, tia mafuta hayo na maji nusu kwa nusu kwenye chupa, tikisa kwa nguvu, acha nusu saa. Yakitengana, maji yakabaki chini yakiwa meupe kidogo, endelea na taratibu nyingine. Ukipata uji mweupe usiotengana, humo mna sabuni au mafuta ambayo hayakugeuzwa, yarudishe. Usihifadhi kwenye pipa la mabati yenye zinki, wala usiyaweke zaidi ya miezi 6.

Anayetaka tupime, alete lita moja kwenye chupa ya kioo au dumu jipya la plastiki ngumu, lililojazwa karibu na mdomo na kufungwa mbele ya shahidi. Karatasi iandikwe tarehe, mahali pa kununua, namba ya gari na kilomita zilizosomeka. Sampuli iliyotolewa kwenye filta iwe peke yake, isichanganywe na ya tangini. Chupa za soda tunazirudisha getini, hata mwenyewe akiwa ametoka mbali.